Mwanaume wa Zamu

Jumapili ile, baada ya sala, Mzee Rwegoshora alisimama mlangoni mwa kanisa la nyasi, akakohoa kama mtu mwenye habari njema, akatangaza zamu za wiki. Jumatatu yeye mwenyewe. Jumanne Kaijage. Jumatano Rwezaura. Alhamisi nyumba ya Muhangi. Watu waliitikia kwa vichwa wakatawanyika kwenda kutafuta ndizi zao majumbani. Hakuna aliyegeuka kumtazama Kobusingye, mke wa Muhangi, aliyebaki amesimama pale, amemshika mkono binti yake Kyomuhendo.

Mambo haya ya zamu yalikuwa mapya, ya mwaka ule wa hamsini na tatu, na tuseme kweli, yalikuwa mazuri. Kabla yake kila nyumba pale kilimani ilikuwa na ng'ombe wake na mtoto wake wa kuwafuata. Mvulana akishaota meno ya pili alikabidhiwa fimbo, akapotelea mbugani nyuma ya mikia hadi ndevu zimtoke. Wale ambao baba zao hawakuwa na ng'ombe walivuka kwenda upande wa Kyerwa kuosha mchanga wa madini ya bati, wakarudi na vikohozi. Mwalimu Desderius, kijana wa Kihaya kutoka pande za Muleba, alipoletwa na misheni kufungua darasa alipata watoto saba, na wanne kati yao walikuwa wa katekista.

Mwalimu hakukata tamaa. Kiangazi kizima alizunguka nyumba kwa nyumba na baiskeli yake, akanywa rubisi, pombe ya ndizi, asiyoipenda, akasikiliza historia za ng'ombe waliokufa zamani, hadi wazee wakakubali jambo moja. Ng'ombe wote wa kijiji wawe kundi moja. Kila siku mwanaume mzima wa nyumba moja achunge kwa niaba ya wote, na watoto, wavulana kwa wasichana, waende darasani. Mtoto asiguse fimbo. Nyumba itakayoshindwa zamu yake itoe ng'ombe wake kundini ijichungie yenyewe. Rwegoshora, ambaye ng'ombe wake walikuwa wengi kuliko wa watu wote, ndiye aliyefanywa msimamizi, maana hata katika wema mwenye mali hutangulia.

Mpango ulishika. Darasa lilijaa hadi wengine wakasomea chini ya mibuni ya katekista. Nyumba moja tu ndiyo iliyokuwa na tatizo, nayo ilikuwa na ng'ombe watatu, ndama mmoja, na mwanaume mzima ambaye hakuwa mzima. Jiwe la shimo la bati lilimvunja Muhangi paja, mfupa ukaunga upande. Aliweza kujikokota hadi migombani, akakaa, akamenya. Kwenda mbugani na kushuka hadi bondeni kwenye maji, nyuma ya kundi la kijiji kizima, hakuweza.

*

"Waambie," Kobusingye alimwambia mumewe siku ile ile, akimpakulia. "Waambie mguu haufai. Wazee wana macho, wanauona."

Muhangi alitafuna ndizi zake taratibu. Alikuwa mtu mpole, na watu wapole wakishika kiburi hawakiachi, kwa sababu ndicho pekee walichonacho.

"Macho wanayo. Ila mimi nikisema kwa kinywa changu, nimejitoa. Mwanaume asiyechunga hana neno barazani, Mama Yustasi. Leo watanihurumia, na kesho mpaka wa shamba letu utasogezwa na sitakuwa na mdomo wa kuuliza."

Mkewe alijua maneno yale ni ya kweli. Zamu yao ya kwanza Muhangi alikwenda kweli, na gongo lake, na saa za asubuhi tu ng'ombe walikwisha kumpita wakaingia shamba la ulezi la Rwegoshora. Rwegoshora hakutoza kitu. Alicheka tu mbele ya watu, akamwambia Muhangi akae nyumbani alee kuku, na kicheko kile kilimuuma Muhangi kuliko faini. Zamu mbili zilizofuata zilichukuliwa na mdogo wake, Rwezaura.

Jioni Kobusingye akaenda kwa Rwezaura. Alimkuta anasugua mafuta ng'ombe wake wa pembe ndefu, akamwamkia kwa adabu zote, akapiga goti, akauliza habari za watoto wote mmoja mmoja. Rwezaura akapokea salamu zote bila kuacha kusugua.

"Shemeji, mimi nina zamu yangu Jumatano," akasema hatimaye. "Nikichunga na Alhamisi, kahawa yangu itavunwa na nani? Nimekuchungieni mara mbili sikudai kitu. Lakini kuna ng'ombe mmoja kwenu, yule wa kahawia. Akihamia zizini kwangu, mimi nitachunga zamu zenu milele. Siyo kumchukua. Kumhifadhi."

Yule wa kahawia ndiye pekee aliyekuwa na maziwa. Kobusingye alijua ng'ombe wa kuhifadhiwa wanavyokwenda. Hajapata kumwona aliyerudi. Akashukuru, akaondoka. Njiani alikuwa na hasira hata akapita nyumbani kwake asijue, akarudi.

*

Hapa yafaa mgeni wa nchi ile aelezwe jambo. Mwanamke haingii kati ya ng'ombe. Hachungi, hakamui, na zipo siku za mwezi ambazo haruhusiwi hata kuonja maziwa. Ni mwiko, nao wanauita muziro. Ng'ombe atakauka chuchu, mimba zitatoka, kundi litakwisha. Wakristo wa kilima kile walikuwa wameacha mengi, matambiko na hirizi, na baadhi yao hata mke wa pili. Hili hawakuwa wameliacha, wala padre hakujua lipo ili awaambie waliache.

Kobusingye aliujua mwiko huo kama anavyolijua jina lake. Lakini alikuwa na mtoto wa kiume, Yustasi, mwenye miaka kumi na mmoja, aliyeanza darasa la kwanza amechelewa akalikimbilia kama mwenye njaa. Mtoto yule alikuwa anahesabu kila kitu, mikungu, kuku, mashimo ya paa, na usiku alimsomea baba yake maandishi ya kwenye kopo la chumvi. Kobusingye aliwahi kumwambia Kokubanza, jirani yake, kwamba akimtazama mtoto huyo na ubao wake huona aibu kwa furaha. Alhamisi ile, kabla Yustasi hajaamka akajiona ndiye mwanaume aliyebaki, mama yake alichukua fimbo akatoka.

Alifungua mazizi moja baada ya jingine. Wanaume waliokuwa wakikamua walisimama na vyombo mikononi, wasiamini, na kabla hawajapata la kusema kundi lilikuwa limekwisha kushika njia. Kaijage peke yake ndiye aliyeita kwa mbali, akimwuliza mumewe yuko wapi. Kobusingye akajibu kwamba leo ni zamu ya nyumba ya Muhangi, na yeye ni wa nyumba hiyo.

Aliwachunga vizuri. Aliwapeleka kwenye nyasi changa zilizochipua baada ya moto, akawanywesha bondeni, akamtoa ndama mmoja topeni kwa mikono yake. Mchana alikaa juu ya kichuguu akawatazama wanavyocheua, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe aletwe nyumbani kwa machela, hakuwa na woga. Alifurahi. Akawaza kwamba kumbe kazi yenyewe ndiyo hii, iliyofichwa miaka yote kama siri kubwa, na haina hata nusu ya uzito wa kubeba maji.

Jioni walikuwa wamepanga mstari, wanaume wote, wanamsubiri. Hakuna aliyefoka. Rwegoshora alipitisha ng'ombe wake mbele yake mmoja mmoja akiwagusa migongo, asimwamkie Kobusingye wala asimtazame. Usiku ule Kaijage alimwaga maziwa yake yote nje, na watoto wake wakalala na uji wa maji.

Siku chache baadaye ng'ombe wa Rwegoshora alitupa mimba. Alikuwa ng'ombe mzee, anakohoa tangu masika, na mwaka uliopita pia alitupa. Lakini nani aliyekuwa na haja ya kukumbuka ya mwaka uliopita?

*

Baraza lilikaa kwa Rwegoshora. Kobusingye hakuitwa ndani. Alikaa migombani pamoja na Kokubanza, ambaye alikuja kumsindikiza lakini akakaa mbali kidogo, kama mtu aliyepita tu. Waliyoyasema ndani Muhangi aliyaleta nyumbani kwa vipande, akiwa hataki kuinua uso. Mkewe asipite karibu na zizi lolote hadi mwezi uandame. Maji ayachote kwa njia ya nyuma, ile ndefu. Wenye nyumba nne wamesema hawawezi kuacha ng'ombe wao katika kundi ambalo mwanamke anaweza kuamka siku yoyote akalichukua, na kesho wanawatoa.

"Na wewe ulisema nini?" Kobusingye akauliza.

"Nilisema sikukutuma."

Hakumlaumu. Alimtazama tu mumewe, akaona jinsi alivyokuwa amenyoosha mguu ule mbovu mbele yake kama mzigo wa mtu mwingine, akamhurumia, na huruma ile ikamchosha zaidi.

Nyumba nne kweli zilitoa ng'ombe. Na kwa kuwa ng'ombe hawajichungi, watoto sita hawakuonekana darasani Jumatatu. Siku mbili baadaye walikuwa tisa. Kobusingye aliwaona kwa macho yake alipokuwa akizunguka na mtungi kwa njia ya nyuma. Watoto wa Kaijage, wadogo, wa kiume na fimbo zilizowazidi kimo. Mmoja wao alimpungia mkono. Kobusingye alihisi kama ameiba kitu.

*

Mwalimu Desderius alikuja siku iliyofuata, akaegemeza baiskeli kwenye mgomba, akapokea kiti, akapokea kahawa ya kutafuna, akaizungusha mkononi asiitafune. Alikuwa amekonda. Alizungumza habari za mvua, za misheni, na za mkaguzi wa shule atakayekuja kutoka Bukoba kabla ya Krismasi kuona kama darasa linastahili kupewa jengo la bati na mwalimu wa pili. Kobusingye alimwacha azunguke. Alijua atafika.

"Mama Yustasi, wazee wako tayari kurudisha ng'ombe. Wote."

"Namshukuru Mungu."

"Wana sharti. Zamu ya nyumba hii ichungwe na mwanaume wa nyumba hii."

Kobusingye akamtazama Muhangi. Muhangi akatazama migomba.

"Mwanaume gani, Mwalimu?"

Mwalimu hakulitaja jina. Alisema ni siku moja tu katika wiki mbili. Alisema jioni yake yeye mwenyewe atakuja kumfundisha mtoto alichokosa, hapa hapa, kwa taa yake. Alisema amepigana sana, na kwamba Mzee Rwegoshora amewakumbusha wote kuwa ng'ombe haelemewi na nunduye.

"Wewe unaamini, Mwalimu? Kwamba mimi ndiye niliyetoa ile mimba?"

"Siamini hata kidogo."

"Basi waambie."

"Nikiwaambia wataniitikia, 'Waitu, bwana,' kwa heshima zote, na kesho nitabaki na watoto wanne wa katekista." Sauti yake ilishuka. "Mimi ni mgeni hapa. Hata ng'ombe sina."

Kobusingye hakukubali upesi. Aliomba wapewe Jumamosi, siku isiyo na darasa. Mwalimu alikwisha kuomba hivyo, na Rwegoshora alijibu kwamba watu wakianza kuchagua siku zamu itakufa. Aliomba nyumba nyingine ibadilishane nao, yeye awapalilie shamba. Mwalimu alikwisha kuuliza, na hakuna aliyetaka kulimiwa na mwanamke yule kwa sasa. Aliuliza kama wakiuza ng'ombe wote watatu. Hapo Muhangi aliongea kwa mara ya kwanza, akasema mtu asiye na ng'ombe mwanawe huosha mchanga Kyerwa, na kule yeye amefika.

Uani Kyomuhendo alikuwa anamfundisha mwanasesere wake wa mgomba irabu, a, e, i, akimkaripia akikosea. Na hilo ndilo lililomshinda mama yake. Zamu ikivunjika, Yustasi hatachunga siku moja, atachunga zote. Na siku Yustasi atakapougua, nani atakayefuata ng'ombe? Msichana mdogo ambaye bado hajavunja ungo huruhusiwa. Alikuwa amezungukwa kila upande na mambo yenye akili.

"Siku moja," akasema.

"Siku moja tu, mama. Nakuapia."

Yule kijana aliapa kwa moyo mweupe. Ndiyo maana ni vigumu kumchukia.

*

Alhamisi ya kwanza Yustasi alikwenda na ubao wake kwapani, macho mekundu, akarudi na hesabu aliyoifanya peke yake mbugani. Ng'ombe wa nyumba zote nne walirudi kundini. Watoto tisa wakarudi darasani. Rwegoshora alitangaza kanisani kwamba penye wengi hapaharibiki neno, na Mwalimu akapiga makofi akiwa ameinamisha kichwa.

Halafu Kaijage akashikwa na homa siku ya zamu yake. Akamtuma mkewe kwa Muhangi na kibuyu cha maziwa: kwa kuwa mtoto wenu amekwisha kuizoea kazi, atusaidie leo tu. Kobusingye alikuwa shambani. Muhangi alikipokea kibuyu, na jioni Kaijage, homa imekwisha, alikuja mwenyewe kukaa na kupiga soga, jambo ambalo hakulifanya tangu mguu uvunjike. Muhangi alichangamka. Walizungumza habari za mipaka na za ndoa hadi giza likaingia.

Wiki iliyofuata mtu mwingine alikuwa na harusi Omurushaka. Mwingine alikuwa na kahawa ya kupeleka Nyabiyonza. Mwingine hakuwa na chochote, alileta tu mkungu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu mbaya. Kila mmoja aliomba siku moja, na siku moja haimuui mtu. Rwezaura ndiye aliyekuwa wa mwisho kuomba, akasema kwa kicheko kwamba angejua hivi asingeomba ng'ombe wa kahawia. Kawaida ni kama sheria. Kabla mvua za vuli hazijakolea, kijiji kizima kilikuwa kimepata mchungaji mmoja, na mchungaji huyo alikuwa amekwisha kusahau kugawanya kwa tarakimu mbili.

Kobusingye aligombana na mumewe kwa sauti iliyosikika kwa majirani. Alikataa kibuyu kimoja, akakirudisha mwenyewe, na mwenye kibuyu akamwambia taratibu, mbele ya wageni, asikiweke karibu na ng'ombe. Alikwenda kwa Mwalimu. Mwalimu hakukana. Alisema anajua, anaona nafasi ya Yustasi ilivyo wazi pale kwenye benchi, hamwiti tena jina asubuhi kwa sababu inamuuma. Atazungumza na wazee, akasema, mara tu mkaguzi akishapita. Asiharibu sasa. Jengo la bati likishasimama nani atathubutu kuwatoa watoto?

Mwalimu aliwahi kuja jioni mbili kufundisha kwa taa. Mara ya kwanza Yustasi alisinzia. Mara ya pili hakutaka kukaa. Alisema hata wadogo wa darasani wote sasa wanajua zaidi yake, na yeye ana ng'ombe anayechechemea wa kumtazama. Mwalimu alifunga kitabu akamezwa na giza, yeye na baiskeli yake.

*

Mkaguzi alikuja Alhamisi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye viatu, mtoto wa mkulima kama wao, na alifurahi kwa dhati. Alihesabu watoto waliojaa hadi nje akauliza walifanyaje jambo ambalo vijiji vingine vimeshindwa. Rwegoshora, ndani ya kanzu yake nyeupe, alimweleza zamu. Alieleza vizuri sana. Wanawake walikuwa wamepika tangu alfajiri, fahali mmoja alikuwa amechinjwa, na Kobusingye alikuwa ameruhusiwa kumenya ndizi pamoja na wenzake.

Asubuhi ile Mwalimu alikuwa amempitia. Hakumwambia asiseme. Alimwambia tu kwamba Kyomuhendo amechaguliwa kuongoza wimbo.

Baada ya wimbo, mkaguzi akatazama umati wa wanaume waliokaa na mirija yao kuzunguka mtungi wa rubisi, akatabasamu.

"Wote mko hapa, wazee wangu. Na leo ng'ombe wako na nani?"

Kimya kilichofuata kilikuwa kifupi mno kwa mgeni kukisikia. Zamu ya siku ile ilikuwa ya Rwegoshora mwenyewe.

"Wako na mwanaume wa zamu," Rwegoshora akasema.

Kobusingye alikuwa amesimama kando ya sufuria, kisu mkononi. Maneno yalimjia yote kwa mpigo, jina la mtoto wake na miaka yake na wiki alizokosa, akafungua kinywa. Mbele ya mkaguzi, mstari wa kwanza, Kyomuhendo alikuwa bado amesimama kwa mikono iliyonyooka, uso umeng'aa mafuta, akimtafuta mama yake kwa macho ili ajue kama ameimba vizuri. Nyuma yake watoto wa Kaijage. Nyuma yao wengine, wengi, hata wa nyumba zisizomwamkia.

Akaitikia kwa kichwa kwamba ameimba vizuri. Akafunga kinywa.

"Huyo mwanaume amekosa sherehe kwa ajili yetu," mkaguzi akasema. "Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema, lakini hapa sitaki iwe hivyo. Apelekewe fungu la mtu mzima, na salamu zangu."

Rwegoshora mwenyewe alikata nyama ya nundu, ile wanayopewa wakubwa, akaifunga kwenye jani la mgomba. Alitafuta mtu wa kuipeleka, macho yake yakapita kwa wote, yakafika kwa Kobusingye yakashindwa kutua. Kobusingye akaenda mwenyewe akaipokea. Alipiga goti alipoipokea, kama inavyotakiwa. Mwalimu alikuwa anafuta ubao uliokwisha kufutwa.

*

Alimkuta Yustasi kwenye uwanda wa juu, amesimama kwa mguu mmoja, wayo wa pili umeegemea goti, kama wanavyosimama wanaume. Alikuwa amerefuka. Alimwamkia mama yake akalipokea jani, akalifungua, akanusa.

"Hii ni ya wazee."

"Mgeni ndiye aliyekuletea. Amekusalimu."

Hakuila yote. Alikata kipande, akala polepole akiwa bado anatazama kundi, kisha akaifunga iliyobaki na kusema hiyo ni ya baba na Kyomuhendo. Aliuliza kama Kyomuhendo hakusahau ubeti wa pili. Mama yake akasema hakusahau.

Kutoka kijijini wimbo ulikuwa umeanza upya, makofi pia. Kobusingye hakuweza kuvumilia tena. Aliona wazi kwamba hapa juu hapakuwa na macho ya mtu, wanaume wote wamelewa, na mtoto akikimbia sasa atafika mkaguzi hajaondoka. Ataonekana walau mara moja, ataketi kwenye benchi. Alinyoosha mkono kwenye fimbo.

"Nenda, mwanangu. Kimbia. Mwambie mgeni kwamba wewe ni Yustasi wa Muhangi, unajua kusoma. Nitakaa nao mimi. Hakuna atakayejua."

Yustasi aliivuta fimbo kifuani pake. Hakuwa na hasira. Ng'ombe wa kahawia alikuwa amesogea karibu, tumbo lake limeshuka, akinyoosha pua kuelekea mikono ya mama iliyokuwa na harufu ya ndizi, na mtoto alijiweka katikati yao haraka, mgongo kwa ng'ombe, uso kwa mama yake.

"Huyu ana mimba, mama," akasema. "Rudi nyuma."

Kobusingye alimtazama. Alidhani atamwona akitania.

"Rudi nyuma kidogo, mama. Usiwakaribie."

Alisema kwa upole, jinsi mtu mzima anavyomwambia mtoto aliyefika karibu na moto. Na Kobusingye, ambaye hakurudi nyuma mbele ya Kaijage wala mbele ya mstari wa wanaume wote wa kijiji, akarudi nyuma.